Binti yangu anashona kola tu: kiwanda kiliibadilishaje kazi ya fundi?

Fundi wa Mbuyuni (Moshi) ameanzisha mada:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa wangu shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini, na baraza ninaloshonea haliko mbali na soko la Mbuyuni. Kazi hii nilifundishwa na marehemu baba yangu mdogo kuanzia mwaka 1988. Nilianza kwa kufagia vipande vya vitambaa na kuwasha pasi ya mkaa, nikapanda kwenye vifungo na mapindo, na ilipita karibu miaka mitatu kabla hajaniruhusu kuweka mkasi kwenye kitambaa cha mteja. Tangu hapo nimeshona sare za shule, suti za harusi na magauni ya kipaimara, na nguo nyingi zilizotoka mikononi mwangu najua zilivaliwa na nani.

Binti yangu wa pili nilimfundisha mwenyewe. Mwezi wa nane mwaka jana aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo huko Arusha. Alipokuja nyumbani kwa Pasaka nilimpa kitenge amshonee mama yake gauni lenye kola, nikakaa pembeni kumtazama. Kukata alikata kwa kusitasita, jambo ambalo zamani hakuwa nalo. Lakini alipofika kwenye kola mikono yake ikabadilika: aliikunja, akaibana kwa ukucha, akaipitisha chini ya sindano bila kuinua macho, akaipindua na kuzitoa ncha zake, na kabla mimi sijamaliza kutunga uzi kola ilikuwa tayari, tena safi kuliko niwezavyo kuishona. Nilipomsifu akaniambia kwamba kwa miezi yote minane ameshona kola peke yake. Hufika kwake zikiwa zimekwisha kukatwa, naye huzipeleka kwa mwenzake wa kulia anayezishonea shingoni, na shati lililokamilika huliona kwa mbali tu likiingia kwenye maboksi. Mbele ya laini yao kuna ubao unaoandikwa idadi ya vipande kila saa. "Baba," alisema, "kule siangalii jua, naangalia ubao." Gauni la mama yake halikumalizika, kwa kuwa alilazimika kuwahi basi la jioni.

Sisemi kwamba binti yangu ananyanyaswa. Analipwa kila mwezi na anawekewa akiba ya uzeeni, mambo ambayo mimi kwa zaidi ya miaka 30 sijayapata. Ila tangu siku ile maswali hayaniishi. Nani aliyeanza kuuvunja ufundi vipande vipande namna hii, na je, alilazimishwa na mashine au aliamua mwenyewe? Mafundi wa nchi ambako viwanda vilianzia waliishia wapi? Na kiwanda kilibadilisha nini nje ya lango lake, yaani nyumbani, kwa watoto na mjini? Naomba wanaoijua historia wanijibu, na waliowahi kushika mitambo kwa mikono yao nao waseme.

Mwalimu Mstaafu (Arusha) amejibu:

Marahaba Fundi, na pole kwa kazi. Nimefundisha historia sekondari kwa miaka mingi, na sura ya Mapinduzi ya Viwanda imenisumbua kuliko zote, kwa sababu wanafunzi huikariri kama orodha ya mashine na majina ya wavumbuzi, ilhali ni habari ya watu kama wewe na binti yako. Nitajibu kwa urefu.

Katika karne ya 18 nguo nyingi za Uingereza zilitengenezwa majumbani, hasa vijijini. Mfanyabiashara alileta pamba au sufu, mke na watoto wakaichambua na kusokota uzi, mume akaufuma kwenye kitanda cha mfumi, kisha mfanyabiashara akarudi kuchukua nguo na kulipa kwa kipande. Hali hiyo tusiipambe: malipo yalikuwa madogo, watoto walifanya kazi tangu wakiwa wadogo sana, na wafanyabiashara walijua kupunja. Lakini saa ya kuanza na saa ya kuacha iliamuliwa na familia yenyewe. Mafundi wengi walikuwa na desturi ya kupumzika Jumatatu, wakaianza kazi polepole Jumanne, kisha wakakesha Alhamisi na Ijumaa ili wamalize. Nadhani desturi hiyo unaijua, kwa sababu sijaona baraza la fundi lisilokesha wiki ya Krismasi au ya Idi.

Mnamo mwaka 1764 James Hargreaves, mfumaji wa Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, alitengeneza mashine iliyosokota nyuzi nane kwa wakati mmoja. Mashine hiyo bado iliweza kukaa sebuleni. Ile ya Richard Arkwright, aliyoipatia hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) mwaka 1769, haikuweza, kwa sababu ilitaka nguvu ya maji yanayokwenda kasi. Mwaka 1771 Arkwright alianza kujenga kinu cha nyuzi huko Cromford, Derbyshire, kikaendeshwa usiku na mchana kwa zamu mbili za saa 12. Alijenga pia nyumba za wafanyakazi, akatafuta familia zenye watoto wengi, maana sehemu kubwa ya mikono aliyoihitaji ilikuwa ya watoto. Kabla ya hapo kazi ilimfuata mtu nyumbani kwake. Tangu hapo mtu ndiye aliyeanza kuifuata kazi. Kwangu mimi badiliko hilo ni kubwa kuliko mashine zenyewe.

Sasa swali lako la kwanza. Kuivunja kazi vipande hakukungoja mashine. Mwaka 1776 Adam Smith, mwanafalsafa na mwanauchumi wa Uskoti, alieleza karakana ndogo ya pini aliyoiona, ambamo watu 10 waligawana hatua zote: mmoja alivuta waya, mwingine akaunyoosha, wa tatu akaukata, wa nne akachonga ncha, na kuendelea hadi pini zinapotiwa kwenye karatasi. Kwa siku moja walitoa pini zaidi ya 48,000, ilhali mtu mmoja asiyefunzwa kazi hiyo, akiifanya peke yake, asingefikisha hata 20. Watu wale hawakuwa na injini ya mvuke. Kwa hiyo mpango ulikuja kwanza, na mashine ilipofika ikaukuta mpango umekwisha kuwekwa. Katika mpango huo mwenye karakana hapati kasi tu. Anapata pia wafanyakazi wasiohitaji miaka mitatu ya kufunzwa, na kwa sababu hiyo anaweza kumwondoa mmoja na kumweka mwingine siku hiyohiyo. Anayejua gauni zima anaweza kuaga na kufungua baraza lake. Anayejua kola peke yake atamuuzia nani kola? Smith mwenyewe, ingawa aliusifu mpango huo, alionya kwamba mtu anayetumia maisha yake yote katika matendo machache mepesi hupoteza mazoea ya kufikiri.

Injini za mvuke za James Watt zilipoanza kuzungusha mitambo katika miaka ya 1780, viwanda havikulazimika tena kukaa kando ya mito. Vilihamia penye makaa ya mawe na wafanyakazi. Manchester ilikuwa na wakazi wapatao 75,000 mwaka 1801; kufikia mwaka 1851 walizidi 300,000, na wengi walijazana katika nyumba zilizojengwa haraka, choo kimoja kwa kaya nyingi, bila mifereji ya kutosha. Kipindupindu kilipoingia Uingereza mwaka 1831 kilikuta njia iko wazi.

Halafu kuna saa. Sisi tunaozungumza Kiswahili bado tunahesabu saa kufuata jua: saa moja ni ya kwanza baada ya mapambazuko. Mkulima na fundi wa kale walifanya kazi hadi shughuli iliyopo mbele yao iishe, kisha wakapumzika. Kiwanda hakikuweza kuvumilia hilo, kwa sababu injini ikishawashwa inakula makaa iwe watu wamefika au hawajafika. Basi kengele ikapigwa, lango likafungwa, aliyechelewa akakatwa mshahara. Wakosoaji wa siku zile walieleza kwamba wapo wenye viwanda waliokataza wafanyakazi kuingia na saa, ili asiwepo wa kuhoji kengele ilipochelewa kupigwa jioni. Ubao anaoutazama binti yako ni mjukuu wa kengele hiyo.

Umeuliza mafundi waliishia wapi. Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau: wafumaji wa mikono kwanza walineemeka. Uzi wa viwandani ulipokuwa mwingi na rahisi, kila mwenye kitanda cha mfumi alitafutwa, na miaka ya mwisho ya karne ya 18 walikula vizuri. Mashine ya kufuma ambayo Edmund Cartwright aliipatia hataza mwaka 1785 ilikuwa na kasoro nyingi na ilichukua miongo kadhaa kukubalika. Katika miaka ya 1820 bado kulikuwa na wafumaji wa mikono zaidi ya 200,000. Lakini malipo yao yalikuwa yamekwisha kuporomoka, nao waliendelea kufuma saa nyingi zaidi kwa fedha kidogo zaidi, mpaka katikati ya karne wakawa wamebaki wachache. Kwa hiyo fundi hakufukuzwa kwa siku moja. Alibanwa taratibu, huku akiambiwa kila mwaka kwamba mambo yatatengemaa.

Wapo waliokataa kubanwa. Kuanzia mwaka 1811 mafundi wa soksi na nguo katika Nottinghamshire na majimbo ya jirani walivunja mitambo usiku, wakijiita wafuasi wa Ludd, kiongozi wa kubuni tu. Vitabu vingi huwaonyesha kama watu walioogopa maendeleo, na mimi naona wanaonewa. Mashine za kufuma soksi walikuwa wamezitumia kwa vizazi. Walizilenga hasa za wale walioajiri watu wasiofunzwa, wakashusha malipo na kuuza soksi mbovu zilizochafua jina la ufundi. Serikali ilijibu kwa sheria ya mwaka 1812 iliyofanya uvunjaji wa mitambo hiyo kuwa kosa la kunyongwa. Hata washonaji wenzako wamo katika historia hii: Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata hataza ya cherehani mwaka 1830, akaweka takribani cherehani 80 za kushona sare za jeshi huko Paris, na haikuchukua muda washonaji wakavamia karakana na kuziharibu. Miaka ishirini na kitu baadaye kampuni ya Singer ya Marekani ilianza kuuza cherehani kwa malipo ya awamu, na mashine ileile waliyoiogopa washonaji wa Paris ikaingia majumbani. Ndiyo iliyo mbele yako barazani leo.

Kuhusu watoto nitasema kidogo, kwa kuwa ni sehemu inayoumiza. Sheria ya mwaka 1833 ilipiga marufuku kuajiri watoto wa chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo, na wale wa miaka 9 hadi 12 wasizidi saa 48 kwa wiki. Tafadhali isome tena sentensi hiyo uone yaliyokuwa yakiruhusiwa kabla yake. Sheria za awali zilikuwepo, lakini hazikuwa na meno mpaka hiyo ya 1833 ilipoleta wakaguzi wanne wa serikali. Ile ya 1847 iliweka kikomo cha saa 10 kwa siku kwa wanawake na vijana, na ya 1850 ikaamuru kazi yao ikome saa nane mchana siku ya Jumamosi. Vijana wanaojazana kwenye mabanda ya kuonyesha mpira Jumamosi jioni huenda hawajui kwamba saa ya mechi hizo imetokana na hapo: wafanyakazi walitoka kiwandani saa nane, mpira ukaanza saa tisa. Arsenal yenyewe ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich.

Mama wa Themi (Arusha) amejibu:

Mwalimu ameeleza vizuri na nimejifunza. Naomba nami niseme, kwa sababu mimi ni mmoja wa hao walioshika mitambo.

Niliingia katika kiwanda cha nguo mwaka 1979 nikiwa na miaka 19, nikawekwa chumba cha kufuma. Anayeingia chumba hicho kwa mara ya kwanza hudhani ardhi inatetemeka. Mashine zilikuwa nyingi na kelele ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu akipiga kelele sikioni mwako husikii, kwa hiyo tulizungumza kwa midomo na vidole. Niliweza kupata habari za msiba kutoka upande wa pili wa chumba kwa kutazama midomo ya mwenzangu. Mpaka leo wanangu hunilalamikia kwamba nazungumza kama nimo sokoni. Kazi yangu ilikuwa kutembea kati ya mashine nne, kutazama uzi uliokatika, kuusimamisha mtambo, kufunga fundo dogo lisiloonekana na kuuwasha tena. Fundo hilo nilikuwa nalifunga kwa mkono mmoja, na hata sasa hivi nikipewa uzi nitalifunga nikiwa nimefumba macho. Pamba ilituingia puani na kwenye nyusi, tukatoka jioni kama wazee wenye mvi.

Lakini kaka yangu Fundi, usimhurumie binti yako kupita kiasi. Kabla ya kiwanda nilikuwa nalima shamba la baba, na nilipovuna sikuulizwa mahindi yauzwe au yasiuzwe. Mshahara wa kwanza niliupokea mkononi mwangu mwenyewe na kutia sahihi kwa jina langu. Ndio uliomwezekea mama yangu bati. Alipokuja mtu kunichumbia ambaye sikumtaka, niliweza kusema sitaki, na baba alisikiliza, kwa sababu nilikuwa nachangia ada za wadogo zangu. Chumbani kwetu kulikuwa na Mmeru, Mrangi, Mnyaturu, Mpare na Mchaga, na wengine walifika bila kujua Kiswahili cha kuulizia njia. Tulianzisha upatu, tukazikana, tukasimamiana harusi, na wale ndio ndugu zangu hadi leo. Upweke wa kuwa mke wa mtu kijijini usiyemjua jirani haukuwepo kule.

Hasara yake niliiona mwishoni. Kiwanda chetu kilifungwa miaka ya tisini, na mafao yetu tuliyafuatilia kwa miaka mingi, wengine wakafa hawajayapata. Nilipotoka nilikuwa na ujuzi wa miaka 14 wa kutunza uzi usikatike, na nje ya lango ujuzi huo haukuwa na mnunuzi. Mwalimu ameuliza nani atanunua kola. Mimi nilikuwa ndiye huyo mwenye kola. Niliyoyafanya baadaye kuwasomesha wanangu, nikiuza ndizi na kisha maziwa, nilijifunza mwanzo kabisa nikiwa na miaka 33.

Kwa hiyo nina maneno mawili kwa binti. La kwanza, aombe kuhamishwa kutoka hatua moja kwenda nyingine. Wasimamizi wengi hupenda kuwa na mtu anayeweza kuziba pengo mwenzake akiugua, hivyo si ombi la ajabu. La pili, aijue Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na ana haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Na kilemba chake akifunge kwa ndani. Mwenzangu mmoja alivutwa na mkanda wa mashine kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, akapona kwa sababu jirani yake alikuwa karibu na swichi.

Kijana wa Unga Limited (Arusha) amejibu:

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mama. Nimezaliwa na kukulia Unga Limited, mtaa ambao hata jina lake ni la kiwanda cha kusaga nafaka, na watu wengi huku hutaja jina hilo kila siku bila kukumbuka lilikotoka. Naomba kuuliza: haya yote yalitokea Uingereza, je, kwetu kiwanda kilifika lini? Maana tunafundishwa kana kwamba habari ya viwanda ilianza kwetu baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967.

Mwalimu Mstaafu (Arusha) amejibu:

Marahaba kijana wangu. Kiwanda kilitufikia zamani kabla ya bomba lake la moshi. Kilikuja kikiwa nguo.

Umewahi kusikia bibi akiita kitambaa cheupe kisichotiwa rangi "merikani"? Neno hilo ni kumbukumbu ya biashara. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said wa Zanzibar mwaka 1833, na kwa miaka mingi meli za Massachusetts zilileta shehena za kitambaa cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya huko. Misafara iliyotoka pwani iliibeba merikani hadi maziwa makuu, ikatumika kama fedha: kwa merikani ulinunua chakula, ukalipa wapagazi, ukaomba ruhusa ya kupita katika nchi ya mtemi. Katika miji ya huko Massachusetts kama Lowell wafumaji walikuwa mara nyingi wasichana waliotoka mashambani, wakikaa mabwenini na kuamshwa kwa kengele. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa Weusi wa kusini mwa Marekani. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipozuka huko mwaka 1861 pamba ikaadimika, viwanda vya Lancashire vikasimama na maelfu ya wafanyakazi wakapata njaa, na huku kwetu merikani ya kweli ikapungua sokoni. Mtu aliyevaa shuka njiani kuelekea Unyanyembe alikuwa amefungwa kwa uzi mmoja na mtumwa wa Mississippi na msichana wa Lowell, ingawa hakuna kati yao aliyemjua mwenzake. Fundi alisema anajua nguo zake zilivaliwa na nani. Kiwanda hushona kwa ajili ya mtu asiyejulikana, na ndiyo maana kilizihitaji saizi: huwezi kupima mwili usiouona.

Wafumaji wa Ufipa na Unyamwezi, waliokuwa na nguo zao nzito za pamba, walishindwa polepole na kitambaa hicho rahisi. Jirani yetu huko Ugweno, katika milima ya Upare, ukoo wa Washana uliyeyusha chuma na kufua majembe na mikuki iliyotafutwa hadi Uchagani. Chuma na majembe ya viwanda vya Ulaya yalipoingia kwa wingi, tanuri zao zikapoa.

Kazi yenyewe ya kiwandani ilitanguliwa kwetu na mashamba makubwa, nayo imeacha alama katika maneno tunayoyatumia bila kufikiri. Kibarua ni barua ndogo, yaani kile cheti alichopewa mtu kuonyesha kwamba amefanya kazi ya siku. Kipande kilikuwa kadi ya kazi ya siku 30, kila siku ikiwekewa alama, na isipojaa hulipwi. Manamba walikuwa watu walioajiriwa mbali na kupelekwa kwenye mkonge wakiwa wamepewa namba. Mwingereza wa Cromford alifungwa na kengele. Sisi tulifungwa na karatasi. Reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929, mkonge, kahawa na watu vilipata njia moja.

Kahawa ya Kilimanjaro, hata hivyo, ilikwenda njia ambayo naona inastahili kuchunguzwa zaidi na vijana kama wewe. Mchaga aliilima katika kihamba chake, chini ya migomba, akaivuna na kuimenya na kuikausha nyumbani kwa saa alizozipanga mwenyewe, na hatua ya kiwandani, yaani kukoboa na kupanga madaraja, ndiyo peke yake iliyofanyika Moshi mjini. Chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kilimpa mkulima mdogo sauti sokoni. Kwa hiyo si kweli kwamba palikuwa na njia moja tu ya kuunganisha mtu na mtambo. Baada ya 1967 serikali ilijenga viwanda vingi, vya nguo, matairi na ngozi, na Mama wa Themi ameeleza maisha ya humo kuliko ambavyo ningeweza.

Mama, hilo la kuzungumza kwa midomo limenigusa. Wafumaji wa Lancashire walifanya vilevile, wakawa maarufu kwa kusoma midomo kutoka mbali.

Fundi wa Mbuyuni (Moshi) amejibu:

Mwalimu, Mama, nawashukuru sana. Nimeyasoma majibu mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mke wangu kwa sauti. Nilipofika pale Mama anaposema aliweza kukataa mchumba, aliniambia nirudie.

Jana jioni nilimpigia simu binti baada ya zamu yake. Sikumwambia ameumizwa wala amebahatika. Nilimuuliza kama anajua saa zake za ziada zinahesabiwaje. Alikuwa anajua, tena kuliko mimi, na ameanza kuziandika kwenye daftari tangu mwezi wa kwanza. Nilimpa ushauri wa Mama kuhusu kuhama hatua. Akacheka, akasema ameshaomba, na kuanzia Jumatatu atakaa kwenye mashine ya mikono ya shati, ambayo wenzake huiogopa kwa sababu bega la shati lina mviringo na kitambaa hujikusanya ukikivuta vibaya. Nilimweleza ninavyofanya mimi: upande wa mkono ukae chini, mwili wa nguo juu, na vidole visukume badala ya kuvuta. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba kule wanafundishwa kinyume, mkono ukae juu. Nimeijaribu njia yao leo asubuhi kwenye sare ya mtoto wa jirani. Bega limekaa vizuri.

Gauni la mama yake bado limetundikwa barazani, na kilichobaki ni mikono. Wateja wawili wameshaniuliza kama linauzwa.